Namna ya Kuusoma Mti wa Popo: Kwa Nini Wamelala Huu na Kuuacha Ule

Popo anayelala mtini hana ukuta wala paa ila kile anachopewa na mti wenyewe. Kwa muda wa saa kumi na mbili hivi, tangu alfajiri hadi magharibi, yuko mahali pamoja, na jua, mvua, upepo, kipanga, nyoka na binadamu wote wanaweza kumfikia. Jike aliyebeba mtoto kifuani akikosea mti, anaweza kumpoteza mtoto huyo kwa joto au kwa adui kabla jua halijatua. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vijana wa vikundi vya mazingira, walimu, wanafunzi na wenyeji wa vijiji vilivyopakana na misitu, hasa ya mwambao wa Tanzania na Kenya na visiwa vyake, wanaotaka kujua kwa vipimo, si kwa kukisia, kwa nini popo wamelala kwenye mti fulani na wakauacha ule ulio jirani yake.

Kuna jambo moja ambalo kazi yote inayofuata inalitegemea. Wachunguzi wengi wa malalo ya popo, yaani mahali wanapolala mchana, huupima mti wenye popo peke yake, wakaandika kwamba ni mrefu, ni mnene na uko karibu na maji, kisha wakahitimisha kwamba popo hupenda miti mirefu, minene, iliyo karibu na maji. Hitimisho hilo halina msingi. Ikiwa karibu miti yote ya msitu ule ni mirefu na kijito kinapita katikati yake, popo hakuchagua urefu wala maji, amevikuta tu. Kuchagua ni kutwaa kimoja na kuacha kingine, na anayetaka kuujua uchaguzi wa popo hana budi kuipima miti iliyoachwa kwa uangalifu ule ule anaoutumia kwa mti uliotwaliwa.

Ujue kwanza ni popo wa aina gani

Kwa Kiswahili tunawaita wote popo, lakini chini ya neno hilo moja kuna wanyama wenye mahitaji yaliyo mbali kabisa. Popo wa Pemba, ambaye wanasayansi humwita Pteropus voeltzkowi, hapatikani popote duniani ila kisiwani humo. Mabawa yake yakikunjuliwa yanafikia takriban mita 1.6, na hulala kwa makundi, akining'inia kwenye matawi ya juu bila kujificha. Kisiwani Mafia yuko ndugu yake wa jenasi hiyo hiyo ya Pteropus, yaani kundi la aina zilizo karibu kwa ukoo, wa namna moja na yule wa Visiwa vya Komoro, ilhali katika Afrika bara jenasi hiyo haipo kabisa. Makundi makubwa yanayoonekana kwenye miti ya bara, hata ndani ya miji kama Dar es Salaam na Kampala, kwa kawaida ni ya Eidolon helvum, popo mwenye manyoya ya rangi ya nyasi kavu shingoni na mgongoni.

Hao ni wale wanaolala peupe. Wapo wanaojificha ndani ya majani mazito, kama Epomophorus wahlbergi, ambaye dume lake lina vishungi vya manyoya meupe mabegani. Huyu utamkuta mmoja mmoja au kwa vikundi vidogo katikati ya miembe yenye kivuli kizito au chini ya makuti. Wapo wanaoingia ndani ya mapango ya miti, kama Cardioderma cor, mkaaji maarufu wa mibuyu yenye uwazi ndani. Yupo Lavia frons, mwenye mabawa ya rangi ya manjano, anayekaa wawili wawili, dume na jike, kwenye migunga. Jozi hizo zimechunguzwa vizuri karibu na Ziwa Baringo nchini Kenya, ambako kila jozi ilionekana ikilinda eneo lake. Wapo popo wadogo wa jenasi ya Kerivoula wanaolala ndani ya viota vilivyoachwa na ndege kama kwera. Tena yupo popo mdogo wa migomba, mwenye uzito wa gramu chache tu, anayejiingiza ndani ya jani changa la mgomba ambalo bado limejikunja kama bomba, akajishikiza kwenye uso wake laini kwa pedi ndogo za ngozi zilizo kwenye vidole gumba vyake.

Ukichanganya aina hizi katika jedwali moja, jedwali halitakuambia chochote. Chagua aina moja, au angalau kundi moja la tabia, yaani wa matawi wazi, wa majani, wa mapango ya miti au wa migomba, ukae nalo mpaka kazi iishe. Kama unaanza, nakushauri uanze na wale wa migomba au wa mibuyu, kwa sababu malalo yao ni mengi, yako karibu na ardhi, na yanahesabika. Kundi kubwa la matawi wazi linavutia macho zaidi, lakini kwa mchunguzi ni gumu, kwani mara nyingi ni malalo mamoja tu katika eneo zima, na kitu kimoja hakikupi wastani.

Ruhusa na usalama

Usiingie msituni kabla ya kuzungumza na wenye msitu. Visiwani mlango wa kwanza ni kwa sheha. Bara ni serikali ya kijiji, na penye shamba la mtu ni mwenye shamba. Baadhi ya malalo ya Pemba yamo katika makaburi ya kale yaliyoota miti mikubwa, na hapo ruhusa ya wazee wa mahali ni sharti la adabu hata kama hakuna aliyekuuliza. Kutazama kwa darubini na kuhesabu kutoka mbali ni jambo moja. Kukamata popo, kuwavisha alama au kuchukua sampuli ni jambo jingine linalohitaji kibali rasmi cha utafiti na watu waliofunzwa na kuchanjwa. Mwongozo huu hauhitaji umguse popo hata mara moja.

Kutogusa huko hakutokani na woga wa kishirikina, bali kuna sababu iliyothibitishwa. Mwaka 1956 kirusi cha jamii ya kichaa cha mbwa kilipatikana katika popo wa aina ya Eidolon helvum kisiwani Lagos, Nigeria, na popo wengine hubeba vimelea vyao. Popo aliyeanguka chini mchana, asiyeweza kuruka, ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa maana huenda ni mgonjwa. Watoto waambiwe wasimshike. Anayeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Matunda yaliyoumwa na popo yasiliwe. Ndani ya pango la mbuyu, vumbi la kinyesi kikavu linaweza kubeba kuvu wanaodhuru mapafu, kwa hiyo tazama kutoka nje ya tundu, na kama lazima usogee karibu, vaa barakoa iliyobana vizuri usoni.

Kuyatafuta malalo

Anza kwa masikio na pua, kisha wazee. Kundi la popo wakubwa husikika mchana kutwa likigombania nafasi, na harufu yake hufika kabla ya macho kuona. Chini ya mti utaona kinyesi, majani yaliyochanika, mbegu, na makapi, yaani vidonge vikavu vya nyuzi za tunda ambavyo popo hutema baada ya kufyonza maji yake. Makapi peke yake hayathibitishi malalo, maana popo wengi hubeba tunda wakaenda kulila kwenye mti mwingine usiku. Mti wa kulia na mti wa kulala ni vitu viwili. Ukitaka uhakika, rudi saa sita mchana uwaone wenyewe.

Kwenye tundu la mti tafuta ukingo uliosuguliwa ukawa laini na wenye weusi wa mafuta, kinyesi kilichorundikana chini ya tundu, na mabawa ya nondo na panzi yaliyotapakaa kwa wale walao wadudu. Usichokoe tundu kwa fimbo wala kufukiza moshi. Keti mahali penye uwazi magharibi, uso wako ukielekea upande wa anga lenye mwanga, utazame kama kuna anayetoka. Kwa migomba, kazi ni nyepesi zaidi: pita asubuhi kwenye shamba, tazama mdomo wa kila jani lililojikunja, na utumie kioo kidogo kilichofungwa kwenye mwanzi ili uone ndani bila kulitikisa jani.

Wazee na watoto wachunga mifugo wanajua malalo ambayo hutayapata kwa mwaka mzima wa kutembea. Waulize pia malalo ya zamani yaliyohamwa. Majibu hayo yatakufaa baadaye kuliko unavyodhani sasa.

Kuwahesabu

Kwa kundi la matawi wazi, hesabu asubuhi wakishatulia, au jioni wanapotoka. Hesabu ya mchana huwa ndogo kuliko hali halisi, kwa sababu wengine wamefichwa na majani, na hesabu ya jioni huharibika wanapotoka kwa mkupuo. Njia nzuri ni watu wawili kusimama pande mbili za malalo, kila mmoja akihesabu kwa makumi upande aliogawiwa, na wasilinganishe hesabu mpaka wamemaliza. Tofauti kati yao uiandike pia. Ndiyo inayoonyesha hesabu yenu inaaminika kiasi gani. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kasanka nchini Zambia, ambako Eidolon helvum hukusanyika kati ya Oktoba na Desemba kwenye kipande kidogo cha msitu wa kinamasi, makadirio ya zamani yalifika popo milioni 8 hadi 10, lakini hesabu ya baadaye iliyofanywa kwa kamera ilipata chini ya milioni 1. Popo wa Kasanka wanabaki kuwa mojawapo ya makundi makubwa kabisa ya popo duniani, ila tofauti hiyo inatosha kumfundisha mtu kuandika namna alivyohesabu kando ya kila idadi.

Kuupima mti wenye popo

Vifaa ni vichache: futi ya kitambaa ya fundi cherehani, kamba yenye mafundo kila mita, fimbo, dira au simu yenye dira, vipimajoto viwili vya bei nafuu na daftari lenye mistari. Andika jina la mti kwa lugha ya mahali, hata kama unalijua la kisayansi, kwa sababu mwenyeji atakayesoma daftari lako mwakani atalihitaji. Pima mzingo wa shina kwenye usawa wa mita 1.3 kutoka ardhini. Ukitaka kipenyo, gawanya mzingo kwa 3.14.

Urefu hupimwa hivi. Shika fimbo wima mbele yako kwa mkono ulionyooka, sehemu ya fimbo iliyo juu ya ngumi yako iwe na urefu sawasawa na umbali kutoka jichoni mwako hadi kwenye ngumi. Rudi nyuma pole pole, mahali pa tambarare, mpaka ngumi ionekane chini kabisa ya shina, pale linapogusa ardhi, na ncha ya fimbo iguse kilele cha mti. Umbali kati yako na shina sasa ni sawa na urefu wa mti, na huo unaweza kuupima kwa kamba.

Baada ya hapo andika mambo ambayo popo mwenyewe hukutana nayo. Je, mti unachomoza juu ya miti ya jirani au umezibwa nayo? Chini ya tawi walilolala kuna nafasi tupu ya mita ngapi? Swali hili lina uzito mkubwa kwa popo wa matunda, maana popo mkubwa haondoki kama njiwa anayepiga mabawa akiwa amesimama. Hujiachia, akashuka kidogo, ndipo mabawa yashike hewa, na tawi lililozongwa na mimea itambaayo humnyima mwanzo huo. Tawi liko upande gani wa mti, unaopata jua la asubuhi au la alasiri? Unaopigwa na kusi au uliokingwa? Kwa tundu, pima urefu wake kutoka ardhini, upana wa mdomo, na upande unaoelekea. Pima pia umbali hadi maji, hadi ukingo wa msitu, hadi njia ya watu na hadi nyumba ya karibu, na uhesabu visiki vipya ndani ya hatua 20 kuzunguka mti.

Visiki na njia huwa vinasahauliwa, nami naviona kuwa miongoni mwa vipimo muhimu kabisa katika nchi zetu. Historia ya popo wa Pemba inaonyesha sababu yake. Mwaka 1989 wachunguzi waliofika kisiwani waliwaona popo hao wachache mno, hata ikahofiwa kwamba wanakaribia kutoweka, kwa kuwa misitu ilikuwa imekatwa sana na popo wenyewe waliwindwa kwa nyavu na bunduki. Katika miaka ya 1990 wanakijiji waliunda vikundi vya kuyalinda malalo, na yale ya Kidike yakawa mashuhuri. Kufikia mwaka 2007 makadirio ya kisiwa kizima yalikuwa takriban popo 20,000 katika malalo yapatayo 40. Malalo hayo yalikuwa katika mabaki ya misitu kama Ngezi, katika mikoko, na katika miti ya makaburi ya kale. Mtu akitazama aina za miti peke yake hataona kinachounganisha mkoko na mti wa makaburini, kwa kuwa hazifanani kwa urefu, kwa majani wala kwa udongo. Zinachofanana ni kwamba shoka na bunduki havifiki huko mara kwa mara. Popo pale amechagua kati ya vile tu ambavyo sisi tumemwachia.

Mti usio na popo

Sasa tumefika kwenye kiini cha kazi. Kwa kila mti wenye popo pima miti miwili isiyo nao. Wa kwanza uwe wa jirani, mti wa karibu zaidi ambao popo wangeweza kuutumia. Wa pili uwe wa mbali, uliochaguliwa kwa bahati. Bahati hapa maana yake ni kura, si jicho lako. Andika namba 1 hadi 36 kwenye vikaratasi, chomoa kimoja, zidisha kwa 10, na hiyo ndiyo digrii ya dira utakayoifuata. Kwa kura ya pili pata idadi ya hatua kati ya 100 na 300. Unapofika, chukua mti ulio karibu nawe unaotimiza masharti. Ukiuachia moyo wako uchague, utachagua miti mizuri inayofikika, na ulinganisho wote utaharibika.

Masharti ya mti wa kulinganisha yawekwe kabla ya kuanza. Popo wa mapango hawezi kulala kwenye mbuyu usio na pango, kwa hiyo kuulinganisha mbuyu wenye popo na mbuyu mzima kutakuambia tu kwamba popo wa mapango hulala mapangoni. Linganisha pango na pango. Vivyo hivyo, jani la mgomba lililojikunja lilinganishwe na jani jingine lililojikunja siku hiyo hiyo, na tawi la mti wenye kundi lilinganishwe na matawi yaliyo wazi ya miti mingine yenye unene unaoweza kubeba uzito. Hapo pia ndipo penye njia ya kutokea kwa anayechunguza malalo mamoja makubwa: akiwa hana malalo mengi ya kulinganisha, alinganishe miti iliyojaa na miti mitupu ndani ya malalo hayo hayo.

Tuseme umepata mibuyu 10 yenye popo na mibuyu 20 yenye mapango lakini haina popo. Wastani wa mzingo ni mita 9 kwa ya kwanza na mita 8.8 kwa ya pili. Unene, basi, haujasema kitu, hata kama mwanzoni ulivutiwa na ukubwa wa mibuyu yenye popo. Lakini katika ile 10 yenye popo, 8 ina tundu lililo juu zaidi ya mita 2 kutoka ardhini, na katika ile 20 mitupu ni 5 tu. Hapo pana jambo. Hata hivyo, usikimbilie kuandika kwamba popo hupenda matundu ya juu. Tundu la chini hufikiwa na nyoka na kanu, na hufikiwa pia na mrina asali mwenye mwenge. Rudi kwenye mibuyu mitupu, tazama kama ndani pana masizi, mabaki ya masega au alama za kukalia watu. Yakiwepo kwenye mingi ya matundu ya chini, kinachokimbiwa ni moshi, na urefu wa tundu ni kivuli chake tu.

Mtego mwingine ni wa kuchukua matokeo ukayafanya sababu. Miti ya kundi kubwa mara nyingi ina majani machache na matawi yaliyovunjika, na mgeni huweza kusema kwamba popo hawa hupenda miti iliyopukutika. Kumbe kucha zao, msongamano wao na uzito wao ndivyo vilivyoivunja. Mti ulipochaguliwa ulikuwa na kichwa kizito. Wazee uliowauliza mwanzoni ndio watakaokuambia mti ulikuwaje kabla, na kama popo waliingia kwanza au majani yalipukutika kwanza.

Joto, na kwa nini ya kwetu si ya kaskazini

Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu malalo ya popo imetoka Ulaya na Amerika Kaskazini, na msomaji asipoangalia ataazima majibu ya huko kwa maswali ya huku. Popo wa Indiana, kwa mfano, ambaye wanasayansi humwita Myotis sodalis, hulala majira ya joto chini ya magome yaliyobanduka ya miti iliyokufa, na majike wenye watoto hutafuta miti mirefu inayopigwa na jua. Sababu inaeleweka: katika nchi ya usiku wa baridi, joto la gome humsaidia mtoto kukua haraka na mama kuokoa nguvu za kutengeneza maziwa. Madume, ambao hawanyonyeshi, huweza kulala mahali penye ubaridi, wakaushusha mwili joto na kuokoa nguvu kwa namna nyingine.

Mwambaoni kwetu, kwa popo mkubwa aliye peupe, hatari huja kutoka upande wa pili. Nchini Australia imeonekana kwamba joto la hewa likipita sentigredi 42, popo wa jenasi ya Pteropus huanza kufa kwa wingi; Januari 2002 walikufa zaidi ya 3,500 katika jimbo la New South Wales, na Novemba 2018 kaskazini mwa Queensland walikufa takriban 23,000 wa aina moja kwa siku chache. Mwambao wetu hauna kawaida ya kufika huko, lakini dalili zile zile za mwanzo utaziona siku ya jua kali: popo hujipepea kwa bawa, huhama tawi kwa tawi kuelekea kivulini, kisha hujilamba kifuani na mabawani ili mate yakikauka yampoze. Andika saa ambayo kujipepea kunaanza na joto lilikuwa ngapi. Ukiwa na vipimajoto viwili, kimoja kining'inizwe kivulini chini ya mti wenye popo na cha pili chini ya mti wa kulinganisha, vyote kwa urefu mmoja kutoka ardhini, na visomwe saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi alasiri. Usikiingize kipimajoto ndani ya tundu lenye wenyewe. Tumia tundu tupu linalofanana nalo.

Ni hapa pia utakapoelewa kwa nini mti mmoja huweza kuwa na popo upande wa mashariki mwezi wa Januari na upande mwingine mwezi wa Julai. Kaskazi na kusi havileti joto sawa wala haviupigi msitu kutoka upande mmoja. Ziara moja haiwezi kukuonyesha hilo.

Kurudi tena na tena

Popo wengi wa mitini hawana mti mmoja wa kudumu. Wale wa magome na mapango madogo huhama kila baada ya siku chache, kundi likigawanyika leo na kuungana kesho kwenye mti mwingine, ama kwa kukimbia viroboto na kupe, ama kwa kuwa hali ya hewa imebadilika, ama adui ameujua mti. Wa migomba hulazimika kuliko wote, kwa kuwa jani halimsubiri: baada ya siku moja au chache linakunjuka, na nyumba imekwisha. Mgomba ulio katika hali nzuri hutoa jani jipya takriban kila wiki moja hadi siku kumi, kwa hiyo mgomba mmoja hautoshi hata kwa popo mmoja; anachohitaji ni shamba zima lenye migomba ya umri mbalimbali, ili kila siku pawe na jani moja angalau lililo katika hatua inayofaa. Ukitaka kulithibitisha hilo, funga uzi wa rangi kwenye migomba 30, upite kila asubuhi kwa wiki tatu, ukiandika upana wa mdomo wa kila jani lililojikunja na kama lina popo. Mwisho wa wiki ya tatu utajua ni upana gani unaotwaliwa na upi unaoachwa, wembamba kupita kiasi na uliofunguka kupita kiasi.

Kwa popo wa miti mikubwa, muda wa kutosha ni mwaka mmoja, ziara moja kila mwezi, siku zenye hali ya hewa inayofanana kadiri iwezekanavyo. Na siku itafika utakapokuta malalo matupu. Wengi hapo hufunga daftari. Usilifunge. Pima kila kitu kama kawaida: kivuli, joto, visiki vipya, njia mpya, moshi, tawi lililoanguka, mti wa matunda wa jirani uliokwisha kuzaa. Mwezi uliopita mti huu uliandikwa miongoni mwa yenye popo; leo umehamia upande wa miti iliyoachwa, nao ndio mti pekee katika daftari lako ulio na vipimo vya pande zote mbili, vyenye aina ile ile, urefu ule ule na mahali pale pale. Chochote kilichobadilika kati ya ziara hizo mbili ndicho cha kukichunguza kwanza.